Usukani wa Land Rover ya zamani umelegea: anzia kwenye tairi, stelingi boksi iwe ya mwisho

Kila nikikutana na mtu aliyenunua Land Rover ya zamani, swali ni lile lile: "Usukani unacheza sana, nikaze ile skrubu ya stelingi boksi?" Mara nyingi ameshaambiwa na jirani kuwa dawa ni hiyo skrubu, na spana anayo mkononi. Nakuomba uiweke chini kwanza.

Skrubu ile inapunguza pleyi, yaani ule ulegevu wa kucheza, iliyo ndani ya boksi, basi. Boljointi zilizokufa (viungo vya duara kwenye ncha za fimbo za usukani), rilei iliyokauka oili (kiungo cha kati cha usukani, nitakieleza chini) na beringi ya gurudumu iliyolegea haizigusi kabisa. Ukiikaza ili kuficha ulegevu wa sehemu nyingine, usukani utaonekana umepona kwa siku chache, huku ndani ya boksi vyuma vinasagana.

Mimi nililipia somo hili. Gari langu la kwanza lilikuwa 109 ya Series III (109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), injini ya petroli ya lita 2.25. Fundi mmoja alikaza skrubu kwa dakika tano nami nikaondoka nimefurahi. Jioni ile ile, kwenye kona ya kuteremka, nilipoachia usukani kidogo ili urudi wenyewe, haukurudi. Ikabidi niuvute kwa mikono miwili huku pua ya gari ikielekea mtaroni. Tulipokuja kulifungua tulikuta boljointi mbili zimeisha na rilei haina tone la oili. Boksi lilikuwa zima kabisa kabla ya skrubu ile kukazwa.

Tangu hapo nafuata njia moja tu: naanza pale tairi linapokanyaga ardhi, napanda kiungo kwa kiungo, na boksi nalifikia mwisho.

Mwongozo huu ni wa Series II (1958 hadi 1961), IIA (1961 hadi 1971) na III (1971 hadi 1985), fupi ya 88 na ndefu ya 109, zenye springi za majani na usukani wa nguvu za mikono. Ukiwa na 90, 110 au Defender, hatua za rilei hazikuhusu kwa sababu gari lako halina rilei.

Nguvu inavyosafiri

Nitaeleza kidogo tu, kwa sababu bila picha hii utapotea huko chini. Usukani unazungusha shafti inayoingia kwenye stelingi boksi. Boksi linasukuma mkono wa chuma. Mkono huo unasukuma fimbo ndefu inayokwenda mbele kando ya chesisi hadi kwenye rilei. Rilei ni silinda ya chuma iliyosimama wima ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, ina mkono mmoja juu na mwingine chini. Mkono wa chini unasukuma fimbo ya pili inayokwenda kwenye gurudumu, na kutoka gurudumu hilo tairodi inavuka kwenda kuligeuza la pili.

Fimbo tatu, kila moja ina boljointi mbili, jumla 6. Ongeza meno yanayoshikanisha mikono na shafti zake, bushi za rilei, pini za swiveli (kiungo cha nyuma ya gurudumu kinacholiwezesha kugeuka) na beringi za magurudumu. Kila kimoja kikicheza milimita moja, kwenye usukani zinafika zikiwa sentimita kadhaa. Ndiyo maana usitarajie kumpata mkosaji mmoja. Kwa kawaida utawapata watatu au wanne.

Andaa hivi kabla hujalala chini ya gari

- Jeki imara na stendi mbili za chuma. Matofali usiyatumie, yanapasuka bila kutoa taarifa.
- Magogo au mawe makubwa ya kuzuia magurudumu ya nyuma. Breki ya mkono ya gari hili inashika shafti ya kwenda nyuma, haishiki magurudumu yenyewe, kwa hiyo gari husogea kidogo hata ukiwa umeivuta.
- Spana za inchi. Hili ni gari la Kiingereza la enzi zile. Ukilazimisha spana za milimita utamaliza pembe za nati, na nati ya boljointi iliyokuwa duara ni mateso.
- Spana ya boksi ya mm 52 kwa nati za beringi za mbele.
- Nyundo mbili, angalau moja nzito.
- Brashi ya waya na oili ya kulegeza kutu. Dizeli pia inasaidia ukiipaka siku moja kabla.
- Oili ya gia EP90, lita 1, na kopo dogo la oili lenye mdomo mrefu.
- Kotapini mpya za kutosha, zile pini za kukunja zinazozuia nati isilegee. Ile ya zamani ukishaitoa usiirudishe.
- Tepu ya kupimia, chaki, na fito mbili nyoofu.
- Mtu wa kukaa kwenye usukani. Kazi hii huwezi kuifanya peke yako.

Tenga siku mbili. Ya kwanza ni ya kutafuta ugonjwa na kuandika kila unachokiona. Ya pili ni ya kutengeneza. Anayetafuta na kufungua kwa wakati mmoja huishia na nusu ya vyuma mchangani, asijue lililokuwa tatizo.

Hatua kwa hatua

1. Pima upepo na uangalie matairi. Kwa matairi ya kawaida ya gari hili, mbele ni psi 25. Nyuma ni psi 25 kwa 88 isiyo na mzigo, na psi 36 kwa 109 iliyopakia. Nimeona watu wakibadilisha boljointi zote 6 kumbe tairi moja la mbele lina psi 15. Angalia pia kama matairi mawili ya mbele ni ya aina moja. Ukiwa na la matope upande mmoja na la lami upande mwingine, gari litatangatanga hata kila kitu kingine kikiwa kipya. Kaza nati za magurudumu kabla hujaendelea.

2. Jaribio la kutikisa, magurudumu yakiwa chini. Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote, na halikugharimu hata shilingi. Gari likae pagumu na tambarare, magurudumu yaangalie mbele, injini imezimwa. Mwenzako akae kwenye usukani, auzungushe kulia na kushoto polepole, kiasi cha upana wa kiganja tu, bila kupumzika. Hana haja ya kukata kona. Tunachotaka ni kuamsha pleyi.

Wewe uwe chini na tochi. Weka kidole kwenye kila kiungo, nusu ya kidole iguse upande mmoja na nusu nyingine upande wa pili. Macho yanadanganyika kwenye chuma chenye tope, kidole hakidanganyiki. Fuata mpangilio huu:

Anza na boljointi. Shika pale boljointi inapoingia kwenye mkono. Fimbo ikisogea kabla ya mkono, au ukihisi inagonga kidogo, hiyo imekufa. Usichanganye na fimbo kujizungusha kidogo kwenye mhimili wake kama chapati inavyoviringishwa, hiyo ni kawaida. Tunatafuta kusogea mbele na nyuma, au juu na chini.

Njoo kwenye rilei. Weka mkono mmoja kwenye mkono wa juu na mwingine kwenye mkono wa chini. Vyote viwili viondoke pamoja. Wa juu ukitangulia, meno yamelegea au bolti ya kubana mkono haijakaza. Kisha angalia shafti ya rilei yenyewe. Ikilala upande badala ya kuzunguka tu, bushi zimeisha.

Panda kwenye mkono wa stelingi boksi. Tazama mahali unapoingia kwenye shafti yake. Mkono usisogee peke yake hata unywele.

Mwisho angalia boksi lenyewe. Je, boksi zima linahama? Weka kidole kati ya boksi na kishikizo chake, kisha kati ya kishikizo na chesisi. Magari mengi yana boksi zima linalocheza kwa sababu bolti zimelegea au chesisi imeliwa na kutu pale linapofungwa. Kutu ukiikuta, gari lisiende barabarani mpaka pachomelewe vizuri.

Andika kila ulichokiona. Usifungue bado.

3. Springi na bolti zake. Mwenzako akiendelea kutikisa, tazama ekseli ya mbele. Bolti za umbo la U zinazoibana kwenye springi zikilegea, ekseli nzima husogea chini ya gari, na hakuna marekebisho ya usukani yatakayoliponya. Angalia na bushi za springi. Raba ikiwa imeisha, springi hucheza kwenye pini yake. Bolti za U unakaza leo hii hii. Bushi ni kazi ya siku nyingine, lakini usiisahau.

4. Inua mbele, upime gurudumu moja moja. Jeki chini ya ekseli, stendi chini ya ekseli, mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Shika tairi juu na chini, ulivute na kulisukuma. Likicheza, mwite mwenzako akanyage breki kwa nguvu, urudie.

Pleyi ikipotea breki ikikanyagwa, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ikibaki palepale, tatizo ni pini za swiveli. Sababu ni rahisi: breki inapobana, inaliunganisha gurudumu na swiveli kuwa kitu kimoja, na beringi inatoka kwenye hesabu. Watu wengi wanaruka jaribio hili la breki, wanafungua swiveli nzima, kumbe nati ya beringi ilihitaji robo ya mzunguko.

Sasa shika tairi kushoto na kulia, litikise tena. Likicheza upande huo tu, rudi kwenye boljointi za tairodi.

5. Beringi za magurudumu. Fungua kofia ya katikati ya gurudumu, toa nati na kotapini ya shafti, kisha flanji inayozungusha gurudumu. Ndani utakuta nati mbili kubwa zenye bati la kufungia katikati. Nyoosha bati, legeza nati ya nje, kisha kaza ya ndani huku unazungusha gurudumu kwa mkono ili beringi zikae sawa. Ukihisi linaanza kuwa zito, rudisha nyuma kidogo sana. Gurudumu lizunguke huru, na ukilitikisa ubaki na kapleyi ambako unakahisi kwa shida. Weka bati jipya, kaza nati ya nje, kunja bati. Pima tena baada ya kufunga, kwa sababu nati ya nje ikikazwa husukuma ile ya ndani.

Grisi ikitoka nyeusi yenye chembe zinazong'aa, usirekebishe. Nunua beringi.

6. Swiveli. Hii ni ile bakuli ya chuma inayong'aa nyuma ya gurudumu. Chini ina beringi, juu ina bushi, na chini ya pini ya juu kuna shimu, yaani vibati vyembamba. Ukipunguza shimu, pini inabana zaidi. Toa fimbo zilizoshikana na gurudumu hilo, kisha ligeuze kwa mkono. Linatakiwa kuwa zito na laini, lisilegee kama mlango wa kabati. Likilegea, toa shimu moja iliyo nyembamba kuliko zote, funga, pima tena. Mizani ya kuvuta ya springi, ile ya wauza samaki, inakupa kipimo sahihi ukiifunga kwenye tundu la mkono wa swiveli na kulinganisha na namba ya kitabu cha modeli yako.

Magurudumu yote mawili yawe na uzito unaofanana. Na usizidishe: swiveli iliyobanwa kupita kiasi inazuia usukani kurudi wenyewe baada ya kona. Ikiwa umetoa shimu na bado inacheza, bushi ya juu imeisha na lazima swiveli ifunguliwe yote. Kama ni mara yako ya kwanza kushika gari hili, kazi hiyo mpe fundi anayezijua Land Rover, ukae pembeni utazame.

7. Boljointi. Hapa ndipo utakapopata nafuu kubwa kwa pesa ndogo. Ukizikuta mbili mbovu, mimi nashauri ubadilishe zote 6, kwa sababu zilianza safari pamoja.

Kwanza elewa jambo ambalo huwasumbua wengi: kila fimbo ina boljointi moja yenye nyuzi za kulia na nyingine yenye nyuzi za kushoto. Ile ya kushoto unaifungua kwa kuzungusha kinyume na mazoea yako. Nimemkuta kijana mmoja akiikaza kwa bomba la mita moja akidhani anaifungua. Dukani nazo ziombe hivyo: tatu za kulia, tatu za kushoto.

Kabla hujagusa chochote, pima urefu wa fimbo kutoka katikati ya boljointi moja hadi katikati ya nyingine, uandike. Halafu hesabu nyuzi zinazoonekana nje. Vipimo hivi viwili vitakuokoa saa nzima baadaye.

Toa kotapini, legeza nati mpaka ibaki imeshika nyuzi chache. Usiitoe yote, ndiyo itakayozuia fimbo isikudondokee usoni. Sasa usiipige boljointi kwa chini kwenye nyuzi zake. Chukua nyundo nzito uikandamize upande mmoja wa tundu la mkono, na kwa nyundo ya pili upige upande wa pili wa tundu hilo hilo, pigo kavu na la nguvu. Tundu linanyumbuka kidogo sana na boljointi inaruka yenyewe. Mapigo matatu mazuri yanatosha; ukifikia ishirini, ongeza oili ya kutu, kanywe chai, urudi.

Legeza kibano cha fimbo, fungua boljointi ya zamani, safisha nyuzi kwa brashi, paka grisi, ingiza mpya mpaka urefu ulingane na ule ulioandika. Nati kaza hadi Nm 40 hivi, kisha endelea mbele kidogo mpaka tundu la kotapini lilingane. Usirudishe nati nyuma ili kutafuta tundu. Kabla ya kubana kibano, hakikisha boljointi za ncha zote mbili zimelala kwenye pembe moja, la sivyo moja itagonga mwisho wake gurudumu likigeuzwa.

Kuhusu kununua: maduka ya spea ya Gerezani pale Kariakoo na ya Kirinyaga Road jijini Nairobi yana boljointi za kila daraja. Igeuze kwa vidole kabla hujalipa. Nzuri ni ngumu na laini kwa pamoja, na mpira wake hauna ufa. Ikizunguka kirahisi ikiwa mpya, itakuwaje baada ya vumbi la msimu mmoja?

8. Rilei. Hiki ni kiungo kilichosahauliwa kuliko vyote kwenye gari hili, kwa sababu kimejificha na hakipigi kelele. Ndani kuna shafti, bushi zilizopasuliwa, na springi kubwa inayozisukuma bushi zibane shafti. Msuguano huo umewekwa kwa makusudi. Ndio unaozuia mitikisiko ya magurudumu isifike mikononi mwako. Inahitaji oili, na mpira wa chini ukichoka oili hushuka yote.

Onyo kubwa: usifungue rilei ili kuona ndani. Springi ile imebanwa kwa nguvu nyingi, na ikiachiwa huruka kama risasi. Inaweza kuvunja taya au kutoa jicho. Rilei ikiwa mbovu, badilisha nzima.

Kuiongeza oili hakuna hatari. Kwenye kifuniko cha juu kuna bolti kadhaa ndogo. Toa mbili zinazotazamana. Tundu moja linaingiza oili, la pili linatoa hewa. Tia EP90 kidogo kidogo kwa kopo lenye mdomo mrefu. Inaingia polepole mno, hivyo acha gari juani kwanza au pasha kopo kwenye maji ya moto. Endelea mpaka oili itokee tundu la pili. Ukikuta imeingia nyingi, rilei yako ilikuwa kavu. Angalia baada ya siku mbili kama inavuja chini.

Kaza bolti za kubana mikono ya juu na chini. Meno yakiwa yamelika, kukaza hakutasaidia, nunua mkono.

Ikibidi kuitoa, jiandae kisaikolojia. Imekaa ndani ya boriti ya chesisi miaka 50 na kutu imeshaifanya mwili mmoja na boriti. Iloweshe oili ya kutu kwa siku kadhaa, juu na chini, kisha isukumwe kwa jeki ya chupa kutokea chini. Atakayepiga nyundo apige kwenye mwili wa rilei, asipige shafti, maana shafti ikisukumwa ndiyo springi inapotoka. Moto wa gesi uwe kwenye boriti tu, kwa mkono wa mtu mwenye uzoefu.

9. Sasa stelingi boksi. Umefika hapa? Rudia jaribio la hatua ya 2. Mara nyingi pleyi imebaki kidogo kiasi kwamba huna haja ya kuendelea. Upana wa vidole viwili kwenye ukingo wa usukani naukubali kwa gari la umri huu.

Kama bado ipo, anza na oili. Fungua kizibo, jaza EP90. Boksi likiwa linavuja sana kuna wanaolijaza grisi. Grisi nzito haifiki zinapozunguka zile gololi ndogo za ndani, nami sishauri.

Inua magurudumu ya mbele, yaangalie mbele sawasawa. Kwenye mfuniko wa ubavuni kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Legeza nati, kaza skrubu kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko. Shikilia skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati, isijizungushe nayo. Kisha zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole. Uwe huru njia nzima.

Kwa nini magurudumu yawe yamenyooka? Kwa sababu gari hutumia muda wake mwingi likienda mbele, na boksi hulika zaidi pale katikati. Ukiondoa pleyi yote ya katikati kwenye boksi lililochoka, litabana kwenye kona. Likianza kuwa zito pembeni, rudisha skrubu mpaka uzito uishe, ukubali pleyi itakayobaki. Zaidi ya hapo boksi linahitaji kufunguliwa.

10. Weka magurudumu sawa. Kazi yoyote kwenye tairodi inaharibu kipimo hiki. Magurudumu ya mbele yanatakiwa kukaribiana kidogo kwa mbele kuliko kwa nyuma, tofauti ya mm 1.2 hadi 2.4.

Gari likae tambarare, lisukume mbele mita chache, usilirudishe nyuma. Weka alama ya chaki kwenye ukingo wa ndani wa rimu zote mbili, upande wa nyuma, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Pima umbali kati ya alama kwa fito mbili ulizozifunga pamoja zikateleza. Kama springi au chesisi inazuia, shuka kidogo, ilmradi kimo kiwe kimoja mbele na nyuma. Sukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka alama zile zile zije mbele, upime tena. Legeza vibano vya tairodi, zungusha bomba lake, pima upya. Utarudia mara tatu au nne. Mwisho kaza vibano.

11. Jaribu barabarani. Anza kwa mwendo wa km 20 kwa saa mahali pasipo na watu, pinda kulia na kushoto mpaka mwisho, jaribu breki. Ndipo uende km 50, kisha 70. Usiende barabara kuu siku hiyo hiyo bila kulala chini ya gari tena na kuangalia kila kotapini.

Tatizo likibaki

Usukani ukitetemeka kwa nguvu baada ya kupita shimo, mpaka ulazimike kupunguza mwendo, shuku swiveli kwanza: hazibani vya kutosha. Baada ya hapo ni rilei isiyo na msuguano, halafu matairi yasiyo na balansi. Kuna wanaofunga shokamzoba ya usukani ili kuizima tetemeko hiyo. Inaizima kweli, lakini kilicholegea kinaendelea kulegea chini yake.

Usukani usiporudi wenyewe baada ya kona, kuna kitu kimebana kupita kiasi. Inua mbele, tenganisha fimbo moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja geuza usukani na gurudumu kwa mkono. Uzito utakapopotea, umeshampata. Kwa kawaida ni skrubu ya boksi, shimu za swiveli au rilei iliyoganda.

Gari likivuta upande mmoja, usihangaike na usukani kabla ya kupima upepo na kugusa ngoma za breki baada ya safari fupi. Ngoma moja ikiwa ya moto zaidi, breki ya upande huo haiachii. Zikiwa sawa, pima umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma pande zote mbili. Tofauti kubwa ina maana springi imehama au jani kuu limevunjika.

Usukani ukikaa upande huku gari linakwenda mbele, kishawishi ni kung'oa usukani na kuurudisha sawa. Usifanye hivyo. Boksi linatakiwa kuwa katikati ya safari yake magurudumu yakinyooka, na kinachoamua ni urefu wa ile fimbo ndefu ya kando ya chesisi. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, rudi nusu, kisha rekebisha urefu wa fimbo mpaka magurudumu yanyooke. Ndipo, ikibaki tofauti ndogo, uguse usukani wenyewe.

Mlio mmoja mkavu wa kugonga kila ukianza kukata kona ni bolti: kishikizo cha boksi, mkono wa boksi au bolti za U. Rudi na spana, gusa zote.

Ukishatembea kama km 300, lala tena chini ya gari. Vibano vya fimbo, mikono ya rilei, bolti za boksi na bolti za U hukaa vizuri mahali pake baada ya mwendo na hulegea kidogo. Angalia pia kama oili ya rilei ipo.